Lugha Isiyopanda Mlima

Yako madai mawili juu ya Kiswahili ambayo hutolewa na watu wasiopatana katika jambo lingine lolote. Dai la kwanza ni la wale wasemao kuwa lugha hii haina maneno ya kutosha kueleza mlima, msitu na maji yaangukayo, na kwa hiyo msomi atakaye kuandika juu ya mambo hayo hana budi kukimbilia Kiingereza. Dai la pili ni la wale wasemao kuwa Kiswahili ni lugha ya pwani, na kwamba neno litokalo bara, hasa bara ya milimani, ni neno la kikabila lisilostahili kuingia katika maandishi sanifu. Wa kwanza waidharau lugha, wa pili waiabudu. Lakini ukiwasikiliza kwa makini utaona kuwa wote wamefika kituo kimoja, nacho ni kuwa mlima usisemwe kwa Kiswahili. Nakusudia kuyapinga madai yote mawili pamoja, na ushahidi wangu nautoa mahali ambapo mwanafunzi aweza kwenda na kurudi kwa siku moja.

Mahali penyewe ni Sanje, upande wa mashariki wa Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro. Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara huiona milima hiyo mkono wake wa kulia, imesimama ghafla kama ukuta juu ya mashamba ya miwa, na katika ukuta huo huona uzi mweupe. Uzi huo ni maji yaangukayo kiasi cha mita 170, kwa hatua tatu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliundwa mwaka 1992. Ardhi yake yaanzia kiasi cha mita 250 juu ya usawa wa bahari na kupanda hata kupita mita 2,500, na msitu waifuata ardhi hiyo juu karibu bila kukatika, jambo lililo nadra katika Afrika ya Mashariki. Kutoka kijijini Sanje hata kwenye maji ni mwendo wa saa chache kwa miguu, pamoja na kiongozi wa njia. Si safari ya mashujaa. Nimekwenda huko mara kadhaa pamoja na wanafunzi wa lugha, wengine wakiwa wamevaa viatu vya kwendea harusini, na wote walifika.

Twende kwanza kwa hao wanaodai upungufu. Wasema kuwa kwa Kiingereza mtu ana maneno mengi ya maji ya mlimani, na kwa Kiswahili ana neno moja refu lenye kuchosha, maporomoko ya maji, basi. Nakubali kuwa neno hilo lina kasoro, na kasoro yake nitaieleza punde. Lakini mtu aliyesimama chini ya Sanje hahitaji neno moja. Pale juu maji hutiririka juu ya mwamba. Yakifika ukingoni hufoka. Yakiwa hewani hutawanyika yakawa rasharasha. Yakiupiga mwamba wa chini hurudi juu kuwa manyunyu, yakalowesha majani ambayo hayajaguswa na tone la mvua kwa miezi miwili. Pembeni, katika nyufa za jabali, maji huchuruzika. Chini yake huchirizika. Kidimbwini hububujika, kisha hutulia, halafu hushika njia yake kuwa kijito na kushuka kuelekea bonde la Kilombero. Hakuna hata kitenzi kimoja hapa nilichokibuni. Vyote vimo katika kamusi, na vyote hujulikana na mtoto aliyelelewa karibu na mto. Mwenye kudai kuwa Kiswahili hakina maneno ya maji yaangukayo hakukosa maneno, amekosa viatu.

Ama kasoro ya neno maporomoko, yafaa tuitazame, maana si jambo dogo. Kuporomoka ni kuanguka kwa kitu kilichokuwa kimesimama: ukuta huporomoka, bei huporomoka, mlima huporomoka. Tarehe 3 Desemba 2023, mlimani Hanang, tope na mawe viliushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Magazeti yaliyaita hayo maporomoko ya tope, na hayakukosea. Lakini basi twamwita kwa jina moja muuaji wa Katesh na maji ya Sanje yashukayo usiku na mchana bila kumdhuru mtu aliye mbali na ukingo wake. Sidai neno lifutwe. Limekwisha kuota mizizi. Nasema kuwa ni neno la mtu aliyetazama kwa mbali, akaona kitu cheupe kinashuka, akakipa jina la kitu kingine kishukacho. Ni neno la abiria. Na lugha iliyoandikwa na abiria peke yao itakuwa na majina ya vitu vionekanavyo dirishani, na itakosa majina ya vitu vilivyo nyuma ya mti wa kwanza.

Iwapo mtu adhani kuwa haya ni mapambo ya waalimu wa lugha, na akumbuke Kihansi. Maji ya Kihansi yako katika milima hii hii ya Udzungwa, upande wa kusini. Mwaka 1996 watafiti walimkuta huko chura mdogo ambaye makazi yake yote duniani yalikuwa kiasi cha hekta 2 tu, ardhi iliyoloweshwa daima na manyunyu ya maji yaangukayo. Chura huyo hatagi mayai majini kama wenziwe. Huzaa watoto waliokamilika. Mwaka 2000 kituo cha kuzalisha umeme cha megawati 180 kilifunguliwa, sehemu kubwa mno ya maji ikageuzwa njia, na manyunyu yakakoma. Vyura 499 walipelekwa Marekani ili wasipotee. Waliobaki walitengenezewa mabomba ya kunyunyiza maji. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kutoka ugenini. Sasa nakumbusha mazungumzo ya mitaani ya miaka ile. Yalikuwa mzaha mtupu: taifa lina kiu ya umeme, na hawa wanatuambia habari za vyura! Sikumsikia mtu hata mmoja akilitamka neno manyunyu, hali jambo lote lilisimama juu yake. Wataalamu waliandika taarifa zao kwa Kiingereza, na humo neno lilikuwamo. Kwa Kiswahili lilifika nusu ya habari, yaani chura bila manyunyu, na chura bila manyunyu ni kichekesho. Mimi siamui hapa kati ya umeme na chura. Wenye kazi hiyo wapo. Lakini wananchi walitakiwa kutoa maoni juu ya jambo lililokatwa kichwa, na waliolikata si maadui wa Kiswahili, bali sisi tulio na neno na tusilitoe.

Nageukia sasa kundi la pili, ambalo nalihofia zaidi kwa sababu lina elimu, na baadhi yake ni rafiki zangu.

Katika misitu ya Udzungwa, na si penginepo duniani, aishi nyani mmoja wa namna ya peke yake. Nasema nyani kwa muda tu, na msomaji ataona kwa nini. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana karibu na Sanje wakasikia mlio wasioutazamia. Msaidizi wao aliwaambia kuwa huo ni mlio wa ngolaga. Basi mnyama huyu aliyekuwa mgeni kwa sayansi alikuwa na jina, na jina lake lilitamkwa na mtu wa pale kabla ya mtaalamu yeyote kumtia machoni. Baadaye aliandikwa kwa Kilatini kwa jina la kijiji cha Sanje, na kwa Kiingereza akaitwa mangabey wa Sanje. Neno mangabey nalo lina kisa chake. Lilitolewa na Buffon, mtaalamu wa Ufaransa wa karne ya 18, ambaye alidhani kuwa wanyama wa jamii hiyo walitoka pwani ya Madagascar iitwayo kwa jina linalofanana na hilo. Madagascar ina komba wa kila namna, lakini haina nyani wala tumbili hata mmoja wa asili. Kwa hiyo mnyama wa Morogoro abeba jina la kisiwa ambacho hakuwahi kukiona, kwa kosa la Mfaransa ambaye hakuwahi kumwona mnyama huyo, na sisi twaliandika jina hilo katika Kiswahili chetu kwa heshima kubwa.

Ngolaga sijalikuta katika kamusi ninazozifungua darasani. Na mwaka uliopita mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa bonde la Kilombero, aliandika insha juu ya matembezi ya Sanje, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii: tulisikia ngolaga wakiitana upande wa pili wa bonde, lakini hatukuwaona. Msahihishaji, ambaye sitamtaja, alilikata neno hilo kwa wino mwekundu, akaandika juu yake nyani, na pembeni akaandika, si sanifu, akapunguza alama mbili. Tazama kilichotendeka. Mwanafunzi alikuwa amesema kweli. Amesikia mnyama fulani, amemtambua kwa sauti, na amekiri kuwa hakumwona. Sahihisho liliigeuza kweli kuwa uongo, kwa maana nyani hana sauti ile, na yeyote aliyepita njia ile ajua hivyo. Sentensi ilikuwa mbovu zaidi baada ya kusanifiwa kuliko kabla yake. Halafu, katika karatasi hiyo hiyo, aya ya kwanza iliyosema kuwa jua lilichomoza kwa madaha huku ndege wakiimba nyimbo tamu iliwekewa alama ya sahihi. Maneno hayo huandikwa juu ya mlima, juu ya ufuo, juu ya arusi na juu ya mazishi, na hakuna msahihishaji ayaulizaye yametoka wapi.

Wenzangu wa kundi hili hujitetea kwa historia. Husema kuwa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuwa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, na kamusi iliyotoka mwaka 1939, na vyombo vya taifa vilivyofuata, vyote vilijenga juu ya msingi huo. Kweli. Lakini msingi si dari. Kiunguja chenyewe kina jina kima punju kwa mnyama mwekundu apatikanaye Unguja, na jina hilo twalipokea bila hoja. Nani alilitoa? Si kamati. Lilitolewa na watu wa mashamba na misitu ya Unguja waliokuwa wakikaa naye. Mbega, ngedere, tumbili, kima, komba: kila moja ya majina haya lilikuwa siku moja mdomoni mwa mtu wa kijijini aliyeinua macho mtini. Ikiwa mkulima wa Unguja ana haki ya kumpa mnyama wake jina na likawa Kiswahili, mkulima wa Sanje ameikosaje haki hiyo? Na wanaohofia kuwa lugha itajaa maneno ya makabila, mbona hawakuhofia meza ya Mreno wala shule ya Mjerumani? Neno la Udzungwa ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Laingia nyumbani likiwa tayari lajua mahali pa kuketi. Ngolaga huyu, ngolaga hawa: halikuhitaji hata kubadilishwa vazi.

Na kama hoja ya ndugu haitoshi, basi wachukue hoja ya wageni, maana najua huisikiliza zaidi. Mwaka 2003 katika msitu wa mlima Rungwe, na mwaka 2004 katika msitu wa Ndundulu humu humu Udzungwa, watafiti walimkuta nyani mwingine asiyejulikana kwa sayansi. Wanyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina la kipunji. Alipotangazwa mwaka 2005 jina hilo liliwekwa katika Kilatini chake, na leo huitwa kipunji katika vitabu vya dunia nzima. Wageni hawakuona aibu kuliokota neno la mlimani. Sisi wenye nyumba ndio tunaosimama mlangoni na wino mwekundu.

Hapa yafaa kutaja jambo ambalo lanipa haraka katika shauri hili. Kwa miaka mingi wanakijiji wa kando ya hifadhi waliruhusiwa kuingia msituni siku moja katika juma kuokota kuni zilizokauka. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Sigombani na walinzi wa msitu. Msitu ule ndio unaoufanya mto uendelee kutiririka wakati mvua zimekwisha, na mashamba ya chini yautegemea. Lakini ruhusa ile ilikuwa pia shule, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Mwanamke aliyekwenda kuni aliijua miti kwa jina, kwa moto wake na kwa moshi wake, na binti aliyemfuata alijifunza njiani. Binti aliyezaliwa Sanje mwaka 2011 hakuingia shule hiyo. Yeye huutazama msitu kama abiria wa basi la Ifakara autazamavyo, isipokuwa basi lake halitembei. Wazee wenye majina wapo, vijana wenye masikio wapo, na mahali pa kukutana pamefungwa kwa sababu njema. Njia moja iliyobaki wazi kwa halali ni ile ya matembezi: mtu alipe kiingilio, afuatane na kiongozi, apande, ayaone maji, ashuke.

Ndiyo maana nakasirika nisikiapo kuwa matembezi ya mlimani ni anasa ya Wazungu, na kwamba Mwafrika hapandi mlima ila ana kazi huko. Kauli hii ina nusu ya kweli. Wakulima huona ajabu mtu akitoka jasho bila jembe, na kiongozi mmoja wa makamo alituuliza waziwazi, baada ya kuamkiana, “Mwalimu, mnafuata nini huko juu?” Nilimjibu kuwa twafuata maneno. Alicheka sana, kisha akakaa juu ya jiwe akaanza kutupa: huu mti waitwaje, ule waitwaje, gome lipi hutibu nini, ndege yupi hutangulia mvua. Wanafunzi wakamwamkia upya kama mtu aliyefika sasa hivi. Katika saa moja hiyo daftari zao zilijaa kuliko katika muhula mzima wa mihadhara yangu, na silisemi hili kwa unyenyekevu. Mihadhara yangu si mibaya. Kazi tuliyokuwa nayo mlimani ilikuwa kazi.

Hata neno la majira lilitutoa ujinga. Tulikwenda mwezi wa Agosti, na wanafunzi wengi waliandika kuwa ni matembezi ya kiangazi. Mtu wa pwani atashtuka, kwa maana kwake Agosti ni kipupwe, na kiangazi ni majira ya jua kali wakati wa kaskazi. Lakini kwa watu wengi wa bara, kiangazi ni miezi ya ukavu ifuatayo masika, hata ikiwa na baridi. Neno lilipanda kutoka pwani, likaona kuwa huku mwaka umepangwa kwa mvua wala si kwa upepo wa jahazi, likajirekebisha. Lugha yenyewe imekwisha kupanda mlima. Waliobaki chini ni waalimu wake.

Nataka basi mambo mawili, na yote ni madogo. La kwanza, kila mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili aende angalau siku moja mahali pasipo na kamusi, awe mlimani Sanje, au Uluguru, au Usambara, au popote penye kiongozi mwenyeji, arudi na maneno 20 aliyoyasikia kwa masikio yake, kila moja likiwa na maana yake, mahali lilipotamkwa na lugha lilimotoka. Na kazi hiyo ihesabiwe alama kama mtihani. La pili, msahihishaji asilikate neno kwa sababu halijui. Aliulize. Aandike pembeni, hili ni nini?, na mwanafunzi awe na haki ya kujibu kabla alama hazijafungwa.

Nimekwisha kuambiwa kuwa jambo la kwanza haliwezekani kwa sababu ya gharama za gari, na la pili kwa sababu litachelewesha matokeo. Gharama za gari nimezipiga hesabu: hazifiki nusu ya zile tuzitumiazo kila mwaka kwa chai na vitafunio vya mikutano ya kujadili upungufu wa istilahi. Kuhusu kuchelewa, kikao cha idara chakutana mwanzo wa muhula, na mashauri yote mawili yatakuwa mezani. Karatasi ya yule mwanafunzi nitakwenda nayo. Zile alama mbili bado ni zake.